Nyumba ya Kibarua na ya Mkulima: Mwongozo kwa Wakazi wa Njombe, Makambako na Manda

Ikiwa wewe ni mchumaji wa chai katika mashamba ya Kibena, Luponde au Lupembe, au mpasua mbao katika misitu ya misindano iliyouzunguka mji wa Njombe, au mkulima wa viazi na parachichi katika vijiji vilivyo jirani na Makambako, au mvuvi wa Manda, ambako mto Ruhuhu humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, yamkini umepata kusikia kwamba Serikali huwasaidia watu wa mashamba wapate maskani yaliyo bora; na yamkini pia umekwisha kupanda gari asubuhi kwenda mjini kuuliza mlango wa msaada huo ni upi, ukarudi magharibi nauli imekwisha na jibu hukulipata. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, wala sitaki kukupoteza kwa maneno matamu: usitafute ofisi ambayo mkazi wa kijijini huingia akaandikisha jina lake, kisha akangoja kujengewa nyumba, maana haipo. Msaada upo, tena ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani, walakini umekatwa vipande na kuwekwa mahali mbalimbali: kimoja kimo katika daftari la ardhi la kijiji, kingine katika ruzuku ya kaya maskini, kingine kwa watafiti wa vifaa vya ujenzi, kingine kwenye nguzo ya umeme, na kazi ya kuvikusanya ni yako mwenyewe, nayo ina mpangilio wake, ambao mtu akiuruka hurudishwa nyuma.

Wazee wa Ubena na Ukinga hawahitaji kufundishwa thamani ya nyumba iliyo yako. Katika zama za Waingereza vijana wa Njombe walichukuliwa kwa malori hata mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba kwa ajili ya namba walizopewa, na tangu mwaka 1944 shirika la wenye mashamba hayo, SILABU, lilishika kazi ya kuwaandikisha na kuwasafirisha. Huko walilazwa kambini, na siku mkataba ulipokwisha, kitanda nacho kilikwisha. Baada ya uhuru Serikali ilitafuta dawa. Mwaka 1973 ilianza Benki ya Nyumba Tanzania, na mwaka 1974 ukafuata Mfuko wa Maendeleo ya Nyumba za Wafanyakazi na Wakulima, ambao kwa ajili yake waajiri walitozwa asilimia 2 ya mishahara waliyolipa, ili mfanyakazi na mwanakijiji wakopeshwe kwa masharti mepesi. Benki ile ilifungwa mwaka 1995, na namna ile ya kumkopesha mwanakijiji ikaondoka nayo; basi ukimsikia mzee akikuhimiza ukaombe mkopo wa Benki ya Nyumba, ujue anasema jambo lililokuwa kweli katika ujana wake. Jirani zetu wa Kenya wameishika upya njia ya kutoza, kwa kuwa sheria yao ya mwaka 2024 humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri akaongeza kiasi hicho hicho. Na Marekani, tangu sheria yao ya nyumba ya mwaka 1949, mkulima aweza kukopeshwa na Serikali fedha za kujengea. Kwetu njia ni nyingine, nayo huanzia kwa mtendaji wa kijiji.

Walakini kabla hatujafika kwa mtendaji, nina neno na wewe ulalaye katika nyumba ya tajiri. Chumba cha kambi nakijua: mlango mmoja, dirisha la ubao, mume na mke na watoto wote humo, jiko la kuni likiwa barazani, na alfajiri ya mwezi wa Juni, umande ukiwa umeganda mweupe juu ya majani ya chai, moshi wa kambi nzima hukaa chini, hauinuki mpaka jua litoke. Niliketi siku moja katika chumba cha namna hiyo, mama mwenye nyumba akanionyesha sanduku la bati lililofungwa kamba, akaniambia kwamba miaka yote waliyokaa pale vyombo vyao havijatolewa vyote, kwa kuwa hawajui ni mwezi gani wataambiwa watoke. Maneno hayo hayajanitoka moyoni, nayo ndiyo sababu ya nasaha yangu iliyo kubwa kuliko zote humu: nyumba ya kambi ni sehemu ya ujira wako, si maskani yako, na wakati wa kuitafuta nyumba iliyo yako ni sasa, ungali na nguvu na kazi, si siku utakayokabidhiwa barua.

Maadamu bado uko kambini, hakikisha kwamba malazi hayo yameandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, yamlazimu mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi, pamoja na ujira wako, jinsi unavyohesabiwa, na manufaa yoyote upewayo badala ya fedha. Na kama maandishi huyafahamu, ni juu yake kuhakikisha umeelezwa kwa namna unayoifahamu. Basi uliza: chumba hiki kimeandikwa? Ni bure, au kuna makato? Nani hutengeneza bati linapovuja? Kazi ikikoma, nina siku ngapi za kuhama? Makato yoyote katika mshahara sharti yaruhusiwe na sheria au yawe yamekubaliwa nawe kwa maandishi, wala si halali kukatwa kodi ya chumba kwa neno la mdomo la msimamizi. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha kazi za kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, na kwa kuwa amri hizi hubadilishwa, muulize ofisa kazi wa mkoa kiwango kilichopo siku unayoyasoma haya. Ukiachishwa kazi isivyo haki, malalamiko yako sharti yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingineyo ndani ya siku 60. Wengi waliopoteza haki yao hawakuipoteza kwa kukosa hoja, waliipoteza kwa kungoja. Chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, kipo kwa mambo haya, na kadi yake ina faida kubwa zaidi kwa aliyejiunga kabla ya mgogoro kuanza.

Sasa twende kijijini, na hapa nakuomba usome polepole, maana ardhi ndiyo msingi wa yote mengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji, nayo yatoa karatasi iitwayo Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Wako wanaoidharau hati hii kwa jina lake, wakidhani kwamba kilicho cha kimila ni cha daraja la chini; sheria yenyewe yasema kinyume, kwamba haki ya kimila ni sawa kwa kila hali na ile itolewayo mjini. Mwenye hati hii ana kiwanja ambacho hata akienda kuchuma chai huko Lupembe, ndugu na majirani hawawezi kukigawana kwa kisingizio kwamba kimetelekezwa pasipo kukutana na saini yake.

Ukisha kumwamkia mtendaji wa kijiji kwa Kamwene na kuketi, swali lako la kwanza lisiwe la kiwanja chako. Uliza kama kijiji kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji, kama kimekwisha kupimwa na kufanyiwa mpango wa matumizi ya ardhi, na kama kuna masjala ya ardhi, yaani chumba na kabati la kuhifadhi hati. Kwa maana mahali ambapo hayo hayapo, ombi la mtu mmoja hukwama, na shauri lako litakuwa kulipeleka jambo mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao hukutana kila miezi mitatu, ili kijiji kizima kiombe kwa halmashauri ya wilaya. Hayo yakiwapo, jaza fomu ya maombi. Kisha itawekwa siku ya kuhakiki mipaka, na siku hiyo usimtume mtoto. Nenda wewe, na mkeo au mumeo, na majirani wa pande zote nne, na mzee anayekumbuka kiwanja kiligawiwa lini wakati wa Operesheni Vijiji. Kila jirani asimame katika pembe yake na mti wa mwati au jiwe la mpaka lionyeshwe, wakati mpimaji ameshika kifaa chake mkononi akisoma namba, na mwingine akiandika. Saa mbili za kusimama juani hukuepusha na miaka ya mashauri. Halmashauri ya Kijiji sharti itoe uamuzi wake ndani ya siku 90 tangu ombi kupokelewa. Hati ikikubaliwa, mwenyekiti na mtendaji hutia saini, nawe hutia saini au dole gumba, na ofisa ardhi wa wilaya huithibitisha kwa saini na muhuri na kuisajili. Kila senti utakayotoa, dai risiti.

Nawasihi wanaume wasome sentensi hii mara mbili: liandikwe jina la mke pamoja na la mume. Sheria hiyo hiyo ya Ardhi ya Vijiji yampa mwanamke haki ya kupata ardhi sawasawa na mwanamume, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza nyumba ya wanandoa kuuzwa au kuwekwa rehani pasipo ridhaa ya mwenzi. Lakini mjane mwenye jina lake katika hati hana haja ya kuitafuta sheria, huitoa karatasi sandukuni yakaisha. Ikitokea tofauti ya mipaka, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, na kati yao wanawake wasiopungua 3, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Na wewe unayekaa ndani ya mji wa Njombe au Makambako, angalia kwanza kama uko katika kijiji au katika mtaa, kwa maana halmashauri za miji hii zina vyote viwili, na kiwanja cha mtaani hushughulikiwa kwa Sheria ya Ardhi Na. 4, kwa ofisa ardhi wa mji, si kwa mwenyekiti wa kijiji. Wako walionunua viwanja pembezoni mwa Makambako kwa karatasi ya kuandikiana tu, na baadaye wakakuta ramani ya mji imepitisha barabara juu ya msingi wao.

Kipande cha pili ni ruzuku. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini mwaka 2012, kipindi chake cha pili kikazinduliwa mwaka 2020. Fedha zake hutolewa kwa kaya zilizoteuliwa, kwa kawaida kila baada ya miezi miwili, na baadhi ya kaya hupewa pia ajira za muda kwa kazi za jamii, kama kutengeneza barabara au kuchimba malambo. Fedha hizi hazikutengwa kwa ajili ya nyumba, bali kwa chakula, shule na kliniki. Hata hivyo, ukipita vijijini leo utaona paa nyingi za bati zilizoezekwa na wajane na wazee kwa ruzuku hiyo na kwa vikundi vya kuweka akiba walivyovianzisha. Njia yao ni ya subira: hununua bati mbili tatu kila malipo, wakaziweka uvunguni zikitenganishwa kwa magazeti zisipate kutu, mpaka zitoshe chumba kimoja. Kaya haiingii katika mpango kwa kuandika barua kwa mtu fulani. Majina hutajwa katika mkutano wa hadhara wa kijiji, kisha kaya huhojiwa na kuhakikiwa, na orodha hurudi mkutanini kuthibitishwa. Kwa hiyo anayeishi kambini, ambaye jina lake halimo katika daftari la wakazi wa kijiji chochote, hapatikani siku ya kuhesabu maskini, ajapokuwa maskini kuliko wote. Mwenyekiti wa kijiji ahakikishe umo daftarini, wewe na kila mtoto.

Sasa tuje kwenye kuta. Mwaka 1977, alipoupima mwendo wa nchi miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu watu waliokwisha kuamini kwamba pasipo saruji na bati hapana nyumba, akahimiza matofali ya kuchoma na vigae, ambavyo udongo wake uko chini ya miguu yetu. Kwa Njombe naona alisema kweli iliyo nyepesi kutenda, kwa maana tuna udongo mwekundu, tuna maji, na tuna mabanzi kutoka mashine za mbao, ambayo hutosha kuwasha tanuri pasipo kukata mti hata mmoja wa asili. Wako pia watafiti wa Serikali, yaani Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambao asili yake ni kitengo cha utafiti wa majengo kilichoanza mwaka 1971. Hawa hufundisha vikundi kufyatua kwa mashine ya mkono matofali ya kufungamana, yaliyochanganywa udongo na saruji kidogo, ambayo hayachomwi kabisa, na ambayo huingiana yenyewe kwa yenyewe hata udongo wa kujengea ukahitajika kidogo sana. Kijana mmoja hana sababu ya kuwafuata Dar es Salaam. Kikundi cha watu kumi wenye viwanja vyenye hati, wakipitisha barua yao kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, wana hoja nzito zaidi.

Kabla ya kuandika barua hiyo, upime udongo wako kwa chupa. Chimba kupita tabaka jeusi la juu lenye mizizi, chukua udongo wa chini, jaza chupa ya kioo au ya plastiki iliyo angavu mpaka karibu nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, funga, tikisa sana, kisha iweke mahali pasipotikisika mpaka kesho yake. Mchanga utakuwa umetuama chini, vumbi laini juu yake, na mfinyanzi juu kabisa, kila tabaka na rangi yake. Kwa matofali ya saruji na udongo, tabaka la mchanga lapaswa kuwa nene kuliko mengine. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka, na dawa yake ni kuongeza mchanga wa mtoni. Kwa matofali ya kuchoma, mfinyanzi kiasi ni hisani, ndio ulishikao tofali tanurini. Fundi mwema hatakasirika ukimwonyesha chupa yako.

Msingi uwe wa mawe, uinuke juu ya usawa wa ardhi, kwa kuwa mvua za Njombe hula ukuta kutoka chini. Lenta usiiache kwa kubana matumizi. Kenchi na papi zitoke kwenye mbao zilizokauka na kutiwa dawa, maana msindano mbichi hujipinda ukang'oa misumari. Na kwa kuwa baridi ya kwetu huwafanya watu wazibe kila tundu wakalala na jiko ndani, acha matundu ya hewa juu ya kila dirisha, na jiko likae katika banda lake.

Umeme na maji nitavipitia upesi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ndio upelekao nguzo vijijini, na ada ya kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000. Gharama ya nyaya za ndani ni juu yako, ila nyumba ya chumba kimoja au viwili yaweza kutumia kile kifaa kiitwacho UMETA, ambacho hukuondolea gharama ya kutandaza nyaya ukutani. Maji ya kijijini yako chini ya RUWASA tangu mwaka 2019. Choo kichimbwe kabla ya nyumba, kwa sababu mafundi nao ni watu.

Kuhusu mikopo, tahadhari. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hukopeshwa pasipo riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni ya biashara na uzalishaji wa vikundi, si ya kujengea nyumba. Anayeichukua akanunua bati huwaingiza wenzake wote katika deni. Itumieni kwa mashine ya matofali, au kwa miche ya parachichi, na faida ndiyo ijenge. Hati ya kimila hupokewa na baadhi ya benki kuwa dhamana, lakini kumbuka kwamba uliyoipeleka ni paa la watoto wako, na mavuno ya viazi hayana ahadi.

Kwa ndugu zangu wa Manda maneno haya yabadilishwe kidogo. Kule chini ziwani ni joto, mbu ni wengi, mchwa hula boriti usiku na mchana. Paa liwe juu, madirisha yawe makubwa yenye wavu, mbao zisigusane na ardhi, na nyasi ikiwa nzuri isionewe haya, kwa maana huipoza nyumba kuliko bati. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, kwa hiyo kibanda cha kukaushia dagaa hakikupi haki ya kiwanja mchangani, na hati haitatolewa hapo hata ukikaa miaka 30. Pima mita hizo kwa kamba, ukianzia mahali maji yafikapo Ruhuhu ikifurika, si pale yalipo wakati wa kiangazi.

Kwa wa milimani, mwaka wenyewe hupanga kazi. Fomu na mikutano ifanyike masika, wakati wengi wako nyumbani; matofali yafyatuliwe Juni mvua zikisha kukatika, yaanikwe yakifunikwa majani usiku ili baridi isiyapasue, na tanuri liwashwe Agosti. Ukuta ufike kwenye lenta Septemba. Na ikiwa Novemba itakukuta bati hazijatimia, usiache ukuta wazi: uvike juu nyasi au turubai, ukandamize kwa mawe, kisha ungoje malipo yajayo.